Nani Aliagiza Shamba Lisafishwe

Ubundu, tarehe 20 mwezi wa tisa 1977

Mudogo wangu Lukumani,

Salam alekum, wewe na bibi yako Germaine na watoto. Sisi tuko wazima. Idi tuliila bila wewe, na mama mukubwa Zubeda alisema tena kwamba watu wa Makiso, kule kwenye ofisi za Kisangani, wakisha kupata kiti cha kuzunguka, njia ya treni wanaisahau. Kwa watoto wangu, Nyota amepanda mwaka wa sita wa shule. Mwamini alikuwa na homa, sasa anakula na anajibu watu vibaya, donc amepona.

Bon. Karatasi ya shamba imetoka. Hektari mbili pale kilimani, kilomita tisa ya reli, na juu yake wameandika Hadidja binti Asumani. Si jina la marehemu bwana yangu, si lako, ni langu mimi. Nimeisoma mara nne. Muzee Célestin, yule aliyekuwa capita, musimamizi wa kazi, pamoja na papa, nilimupa naye asome, akavua kofia.

Lakini wewe haujafika hapa tangu mazishi ya papa, haujui hali. Unaikumbuka plantation ya hevea, ile miti ya mpira, saa sita ya mchana bado unasikia baridi ya kivuli. Yule mutu aliyepewa plantation wakati Wazungu walipoondolewa alikata miti yote, mpaka ile ambayo papa aliipanda kwa mukono wake, akauza mbao, akaenda zake. Mvua ya miaka mitatu imechukua udongo mweusi. Umebaki muchanga mweupe, mutupu, na ule upepo unaotoka mutoni kabla ya mvua unaunyanyua na kuutupa kwenye karanga za watu na ndani ya sufuria zao. Ukipanda muhogo, wiki ya pili mizizi iko hewani. Nimejaribu, nimeona.

Na karatasi ina sharti. Wanataka mise en valeur, maana yake udongo uonekane unafanya kazi, kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Inspecteur atakuja kuangalia. Asipoona kitu, Serikali inachukua tena shamba, na tayari kuna commerçant mumoja, mufanyabiashara wa hapa Ubundu, anauliza-uliza.

Muzee Célestin amenipa akili. Anasema udongo hauwezi kubeba muti ukiwa uchi, uvalishwe kwanza. Zamani chini ya hevea walikuwa wanapanda pueraria, ule mumea wa kutambaa wenye majani matatu-matatu kama maharagi. Umebaki kidogo kando ya reli. Tutaukata na kuupanda kilimani, mimi na watoto wangu na yeye. Mwaka utakaofuata, ndani yake, tutaweka michikichi na kahawa.

Nakuomba kitu kimoja tu, mimi dada yako. Ofisi yako iko couloir moja, njia moja ya ndani, na watu wa udongo. Uulize inspecteur atakuja siku gani, na umueleze mapema atakuta nini.

Yaya wako,
Hadidja


Kisangani, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 1977

Yaya wangu mupendwa,

Barua yako ilinikuta katika kazi nyingi, unisamehe kwa kuchelewa. Huku tunamushukuru Mungu. Germaine anashona nguo za watu, mutoto wa pili amepoteza meno ya mbele na anacheka na kila mutu makusudi. Mimi mwenyewe nimepandishwa kidogo: sasa muhuri wa ofisi yetu unakaa kwenye meza yangu. Usimuambie mama mukubwa Zubeda, atataka nimupigie muhuri kila kitu.

Hongera sana kwa karatasi. Niliwasomea wenzangu barua yako kwa fahari, nao walicheka kidogo pale ulipoandika kwamba utapanda majani. Yaya, usikasirike. Maisha yangu yote uliniamusha saa kumi na mbili na fagio mukononi nifagie uwanja. Siku moja ulinipiga juu ya jani moja tu lililobaki nyuma ya jiko. Leo unataka nimuambie inspecteur wa Serikali aache kazi yake, apande treni, akuje kuangalia majani? Mukubwa akifika mahali anataka kuona usafi. Kama mahali panaonekana pori, ataandika pori. Panda muhogo, mistari iwe minyoofu, katikati ufagie. Hiyo ndiyo mise en valeur ambayo mutu anaiona kwa macho.

Tarehe nitakuulizia. Nimemupa Sébastien, convoyeur wa treni, sabuni sita na sukari. Uhesabu mbele yake.

Mudogo wako,
Lukumani


Ubundu, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1977

Lukumani,

Salam alekum. Sabuni zilifika tano. Sébastien anasema zilikuwa tano tangu Kisangani, mimi namuamini Sébastien kwa sababu wewe kuhesabu haujawahi kujua. Asanti. Jino langu la nyuma limeng'olewa, nimepata amani. Nyota anakuomba kalamu ya bleu.

Sasa nisikilize. Sikupenda ile ya kucheka. Wenzako ofisini wanakula muhogo wa nani? Umechukua barua ya dada yako, mambo ya maisha yangu, ukawafanyia nayo michezo. Hiyo nimeimeza, lakini ujue nimeimeza.

Ndiyo, nilikupiga juu ya jani, na ningekupiga tena. Uwanja ni uwanja, shamba ni shamba. Uwanja tunaufagia mpaka ngozi ili nyoka aonekane na jirani akose la kusema. Muchanga wa kilima ukiufagia, umeuwekea upepo chakula mezani. Hii kitu muzee asiyejua kusoma anaielewa, na wewe mwenye muhuri hauielewi.

Nikuambie kazi tuliyoifanya. Kwanza tulibeba matawi ya muchikichi kutoka bondeni, mimi na Nyota kichwani, safari kumi na nne kwa siku, tukayalaza kwenye muchanga kwa mistari, kukinga upepo unakotoka. Upepo ulipokuta matawi ukaangusha muchanga pale pale. Halafu, mvua ilipolowesha, tukapanda vipande vya pueraria nyuma ya kila mustari, vifundo viwili chini ya muchanga, kimoja juu. Vya kwanza vilikauka vyote. Muzee Célestin akasema tumepanda saa mbaya, tupande jioni. Tukaanza upya. Sasa mumea umeshika, Lukumani. Kila kifundo kinachogusa chini kinatoa muzizi wake. Nimefunika zaidi ya nusu ya shamba. Juzi upepo mukubwa ulipita, nikasimama katikati ya shamba na macho wazi. Macho wazi, mwaka jana nisingeweza. Nikaingiza kidole chini ya majani, muchanga ulikuwa baridi.

Watu wa localité, kijiji chetu, wananicheka pia. Wanasema mujane wa kilomita tisa analima pori, anafuga nyoka. Chef Alphonse alipita akatikisa kichwa. Hawa nawaachia. Lakini inspecteur hatakiwi kucheka, maana yeye anaandika. Ndiyo maana nakurudilia: nenda kwake, ni hatua ishirini kutoka kwenye kiti chako, umuambie kwamba yale majani ndiyo kazi yenyewe. Muambie atakuta yamefunika udongo na yaachwe vile. Ni maneno kumi tu. Ukishindwa kusema, muonyeshe barua hii, hata akicheka.

Yaya wako,
Hadidja


Kisangani, tarehe 12 mwezi wa kwanza 1978

Yaya,

Salamu nyingi na heri ya mwaka. Wote wazima, isipokuwa Germaine amekasirikia mupangaji wetu, na mimi niko katikati.

Inspecteur atafika kilomita tisa Jumanne tarehe 31. Wewe kaa na amani, pika kuku. Nimekwisha kupanga yote huku. Watu wa Ubundu watajua kwamba Hadidja binti Asumani ana ndugu Kisangani. Sikuambii zaidi, utaona mwenyewe.

Kalamu ya Nyota iko ndani.

Lukumani


Ubundu, tarehe 3 mwezi wa pili 1978

Lukumani,

Salam alekum. Watoto wazima. Mama mukubwa Zubeda muzima. Mimi sijui niko namna gani.

Shamba limekufa. Nakuandikia polepole ili uelewe na usiniulize mara mbili.

Jumamosi tarehe 28 asubuhi nilishuka Ubundu na watoto kutafuta mchele na kuku wa huyo inspecteur wako. Muzee Célestin alikuwa amelala na mugongo. Tulirudi saa nane. Kutoka mbali nilisikia ngoma, nikafikiri ni harusi. Nikapanda kilima. Watu sitini, Lukumani. Salongo nzima ya localité, ile kazi ya lazima ya Serikali, kina mama na majembe, vijana na mipanga, chef Alphonse amesimama juu ya kisiki na filimbi mudomoni. Walikuwa wamepalia hektari zote mbili. Pueraria yote waliing'oa na mizizi, wakaivuta kama nyavu, wakaifanya chungu tatu na kuichoma. Matawi ya muchikichi, yale ya kichwani kwetu, waliyachoma vile vile. Halafu walifagia. Walileta mafagio kutoka nyumbani kwao wakafagia kilima, mistari ya fagio inaonekana. Wakapanga mawe kandokando ya njia na kuyapaka chokaa.

Na walikuwa wanafurahi. Hiyo ndiyo inanifanya nishindwe kulala. Hawakuja na ubaya. Waliponiona walipiga vigelegele. Mama Pélagie, jirani yangu, jasho linamutoka, akanishika mukono: "Hadidja, tumekutoa katika aibu. Sasa nyoka hana pa kujificha." Walikuwa wanangoja niwape asanti na maji ya kunywa. Nyota aliwapa maji. Mimi nilimuendea chef Alphonse, nikamushika shati mbele ya watu wote, nikamuuliza ni nani alimutuma. Alisema amri imetoka juu, Kisangani. Alichomoa shati yake mukononi mwangu na kuniomba nisimuharibie jina, yeye ni mutu wa kutumwa. Hapo nilikaa chini.

Jumapili upepo ulikuja. Mchana ule ule mistari ya fagio ilifutika. Jumanne inspecteur alishuka treni, mutu mupole, ana miwani. Alizunguka shamba muchanga ukiingia viatuni. Akaniuliza: "Citoyenne, hapa kulikuwa nini?" Nikamuonyesha mukono uliojaa mizizi iliyokauka. Nikamueleza vifundo, matawi, saa za jioni, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi naandika nilichokiona." Aliandika: udongo mutupu, haukuendelezwa. Alinionea huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kalamu yake. Nikamuuliza kama hakuna mutu yeyote aliyemueleza chochote Kisangani. Akasema hapana, hakuna.

Kuku hakumula. Nilimufungia akaenda naye.

Miezi minne ya mugongo wangu na wa watoto wangu wameichoma kwa asubuhi moja, kwa ngoma, kwa jina la usafi. Yule commerçant amekwisha kuja kupima kwa miguu, ananisalimia kama mutu ambaye amekwisha kuhama. Nina haki ya kukata rufaa ndani ya miezi mitatu, mpaka tarehe 30 mwezi wa nne. Lakini lazima nilete alama kwamba si mimi niliyeacha shamba, kwamba kuna aliyeagiza lipaliwe.

Wewe uko huko juu, Lukumani. Ulizia ni nani.

Hadidja


Kisangani, tarehe 15 mwezi wa tatu 1978

Yaya wangu mupendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Unisamehe, treni zimekuwa mbaya sana na barua yako ilinifikia kwa kuchelewa. Tena mutoto wa mwisho alikuwa na surua, nyumba ilikuwa juu chini.

Habari yako imenihuzunisha kuliko ninavyoweza kuandika. Kweli ni bahati mbaya. Lakini tuangalie mambo kwa utulivu. Salongo ni kazi ya Serikali, na mutu anayesimama kuipinga anaweza kuulizwa maswali mengine. Mwenye nguvu mupishe, papa alikuwa anasema vile. Labda chef Alphonse alielewa vibaya. Labda mutu fulani, kwa nia njema kabisa, alipenda shamba lipendeze, kumbe mambo ya kilimo yana siri zake. Huwezi kumuhukumu mutu kwa nia njema.

Mimi ninaona hivi: hiyo rufaa itakuchosha bure. Kuna mashamba mengine, yenye udongo mweusi, upande wa Yanonge, na mimi niko na rafiki pale. Naweza kukutafutia hektari tatu. Muchanga ule wa kilomita tisa haukuwa shamba, tuseme ukweli, ulikuwa adhabu.

Nilichofanya maishani kwa ajili yako nilifanya kwa mapendo. Hilo usilisahau.

Lukumani


Ubundu, tarehe 1 mwezi wa nne 1978

Mudogo wangu,

Salam alekum. Pole kwa surua, mumupakie mafuta ya mawese mwili mzima na asikwangue. Nyota ameanza kuvaa vitambaa vyangu, ni mwanamuke sasa. Muzee Célestin bado mugongo.

Sébastien ananiambia alikupa barua yangu mukononi tarehe 5 mwezi wa pili, mbele ya ofisi, ukaifungua ukisimama. Treni ilifanya kazi yake.

Haujui kilomita tisa ilivyo sasa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ilikuja na upepo kama ule wa zamani, na haukukuta kitu cha kuushika. Muchanga umefunika karanga za mama Pélagie, yule aliyenitoa katika aibu. Alikuja kwangu akilia, anauliza afanye nini. Nilimupa jembe. Sasa yeye na mabinti zake wanabeba matawi pamoja na mimi, na nusu ya wale waliopalia wanabeba pia. Tunakata pueraria iliyobaki kule relini, kidogo sana, tunapanda jioni. Chef Alphonse anajificha kila ninapopita. Tunapanda bila kujua tunapandia nani, mimi au commerçant. Lakini siwezi kukaa kuangalia kaburi la papa linajaa muchanga.

Shamba la Yanonge sitaki. Usinitajie tena. Mimi sina haja ya udongo mweusi wa rafiki yako. Nataka ule ambao jina langu liko juu yake, ule ambao papa aliutolea jasho miaka thelathini bila kumiliki hata mita moja. Wewe unasema adhabu. Adhabu ni kuona kazi ya mikono yako inachomwa na kuambiwa uwe mutulivu.

Na hiyo nia njema unayoizungumza imenikasirisha kuliko moto wenyewe. Mwenye nia njema anakuja mbele na kusema: ni mimi, nimekosa. Anayejificha nyuma ya nia njema anaacha mutu mwingine alipe.

Zimebaki siku ishirini na tisa. Nitakuuliza mara moja, uso kwa uso ningekuuliza vile vile. Wewe, Lukumani wa mama yangu, unajua ni nani aliagiza shamba langu lipaliwe?

Yaya wako,
Hadidja


Kisangani, tarehe 18 mwezi wa nne 1978

Yaya,

Salamu. Watoto wamepona.

Swali lako limeniumiza, kwa namna ulivyoliuliza, kama polisi. Nimezunguka ofisi zote za Makiso, nimeuliza kila mutu ambaye anaweza kujua. Hakuna anayejua. Mimi pia sijui. Nakuapia.

Germaine anakutumia kitenge. Tafadhali, acha mambo haya yapumuzike.

Lukumani


Kisangani, gare ya rive gauche, tarehe 28 mwezi wa nne 1978

Lukumani,

Salam alekum. Ndiyo, umesoma vizuri, niko Kisangani. Tangu juzi. Watoto wako kwa mama mukubwa Zubeda, wazima. Kitenge cha Germaine ni kizuri, nimekivaa, umushukuru. Yeye hana kosa.

Ile Jumamosi, nilipomushika chef Alphonse shati, alitoa karatasi mufukoni na kunipa niisome. Kisha alikataa kuipokea tena. Alisema: "Mama, uichukue, mimi nisikutwe nayo." Karatasi ya ofisi yako. Muhuri wa meza yako. Na mwandiko wako, ambao nilikufundisha mimi na mukaa kwenye mulango wa jiko, ile herufi ya d unayoilaza mupaka leo. Uliandika kwamba shamba la citoyenne Hadidja binti Asumani lipaliwe lote na salongo kabla ya Jumanne, lisibaki jani hata moja, mawe yapakwe chokaa. Na mwisho ukaandika: ni amri.

Nilikaa chini kwenye muchanga uliofagiwa. Unajua niliwaza nini? Niliwaza: mutoto huyu ananipenda. Niliona wazi namna ulivyofanya, ulivyopiga muhuri ukitabasamu, ulivyofikiri nitaliona shamba linang'aa na kusema mudogo wangu ni mutu. Mimi ndiye nilikulea na fagio mukononi. Kosa lile, Lukumani, nilikusamehe pale pale, kabla moto haujazimika.

Nikasema, ataandika mwenyewe. Atavuka couloir, hatua ishirini, atamuambia inspecteur: ni mimi, dada yangu hana kosa. Watamukemea juu ya muhuri, itapita. Ndiyo maana katika barua yangu ya kwanza baada ya moto sikutaja jina lako. Nilikuachia mulango wazi. Karatasi ile ingeokoa shamba langu kesho yake, na mimi niliilaza chini ya mukeka siku themanini na tisa kwa sababu ya kiti chako na watoto wako. Kila jioni nilipanda vifundo na kusema, labda treni ya kesho.

Wewe ukanipa Yanonge. Ukanipa mwenye nguvu mupishe, maneno ambayo papa hakuyasema hata siku moja, usimuwekee marehemu uoga wako mudomoni. Nikakuuliza waziwazi, ukaniapia. Uliapa, Lukumani. Ulizunguka ofisi zote kumutafuta mutu ambaye alikuwa amevaa suruali yako. Kikulacho kiko nguoni mwako, nilikuwa nikisikia tu, sasa nimekiona na nguo zenyewe.

Jana nilivuka muto na bac, ile feri, nikafika Makiso. Nilipita mbele ya mulango wako. Ulikuwa wazi kidogo, nikakusikia ukicheka na mutu. Nilisimama. Nilihesabu mpaka kumi. Kama ungetoka wakati ule, ningekupa karatasi mukononi ukaipeleke mwenyewe. Haukutoka, nikaenda hatua zangu ishirini.

Mukubwa wa udongo aliisoma mara mbili. Akamuita yule inspecteur wa miwani, naye akasema ndiyo, anaikumbuka mizizi mukononi mwangu, alifikiri mama huyu anatafuta sababu. Aliniomba radhi mbele ya mukubwa wake. Wamefuta ile PV, ripoti ya udongo mutupu. Wamenipa mwaka mumoja mupya, na wameandika ndani ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, kwamba majani ya kufunika udongo ni kazi na hakuna salongo ya kuyagusa. Nimeisoma mara nne.

Kisha mukubwa akageuza barua yako, akaangalia muhuri, akaniuliza huyu aliyeandika ni nani wangu. Ningeweza kusema sijui. Nilisema: ni mudogo wangu, tumbo moja.

Jumanne atakuita. Atakuwekea karatasi mbele na kukuuliza ni mukono wa nani. Usimuambie haujui.

Hadidja